Jicho Lililosingiziwa: Kisa cha Jeki na Gego Lililopasuka

Jeki aliletwa kwangu mara mbili mwaka jana kwa ugonjwa mmoja. Mwezi Mei nilimtibu jicho. Mwezi Agosti nikamfungua mdomo. Katikati hapo ilipita miezi mitatu ya maumivu ambayo ningeweza kumwepusha nayo, kwa hiyo msomaji asishangae akiniona najitaja miongoni mwa waliokosea.

Mgonjwa mwenyewe ni dume wa miaka 6, kilo 34, chotara wa German Shepherd, mbwa wa ulinzi katika nyumba moja pembeni mwa Arusha, upande wa kupandia Mlima Meru. Alinunuliwa Tanga akiwa amekwisha kutimiza mwaka mmoja. Hilo la Tanga likumbukwe, litahitajika. Mchana hufungiwa kwenye banda la wavu wa chuma, usiku hufunguliwa. Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa, na mara mbili tatu kwa wiki mifupa ya ng'ombe kutoka buchani, ile ya paja ambayo hata shoka la muuza nyama huirudia. Mwenye mbwa ni mwalimu mstaafu, nitamwita Mzee. Anayemlisha ni kijana mlinzi wa usiku, na kama kuna mtu aliyeugundua ugonjwa huu, ni yeye, ila hakuna aliyemuuliza.

Uvimbe wa kwanza ulitokea Machi. Asubuhi moja Jeki aliamka shavu la kushoto limejaa, chini kidogo ya jicho, na jicho lenyewe limebaki mstari. Nyumbani walisema ni nyuki. Jirani akasema nyoka. Mtoa huduma wa mifugo aliyeitwa akasema mwiba, akamchoma sindano ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu, siku tatu mfululizo. Uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukafunga. Mei ukarudi palepale, na safari hii akaletwa kwangu.

Nimelifungua faili nikasome nilichoandika siku ile: "Jipu chini ya jicho la kushoto. Huenda ni mwiba." Nililitazama jicho kwa makini, nikaangalia kama mboni ina kidonda, nikalikamua jipu, nikalisafisha, nikatoa dawa ya kupaka jichoni na sindano za penisilini na streptomaisini za siku tano. Yote hayo nilimfanyia akiwa amefungwa mdomo kwa bandeji, maana ni mbwa mkali na mimi vidole vyangu navihitaji. Mdomo ukishaufunga huwezi kuutazama, na wala sikuwa na nia ya kuutazama. Wiki moja baadaye Mzee alinipigia simu kunishukuru. Nikajiona fundi.

Tatizo la jipu la namna hii ni kwamba dawa humpa kila mtu aliyeitoa sifa asiyostahili. Sindano hupunguza vijidudu kwenye nyama ya shavu, usaha hupungua, tundu hufunga, mbwa huchangamka. Lakini kama chanzo kimo ndani ya jino lililokufa, dawa haifiki. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake. Vijidudu hukaa humo kama wapangaji wasiodaiwa kodi, wakisubiri kozi ya dawa iishe. Ndiyo maana uvimbe ulirudi baada ya wiki kadhaa kila mara, na mara ya tatu, Agosti, ukapasuka na kukataa kabisa kufunga.

Siku hiyo walikuja wote wawili, Mzee na kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Lile jicho lako limerudi."

*Lako.* Nililistahili hilo. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na mnyororo mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamgeukia yeye. Nikamuuliza Jeki anakulaje.

"Anamaliza sahani, daktari. Ila..." Akamtazama Mzee kwanza. "Anapindisha kichwa. Mfupa anautafuna huku tu," akagusa shavu lake la kulia. "Na ugali ukiwa wa moto anausubiri upoe. Zamani alikuwa hasubiri."

"Tangu lini?" Mzee akadakia.

"Kabla ya Pasaka, mzee. Nilidhani ni uzee."

Kabla ya Pasaka, yaani wakati ule wa uvimbe wa kwanza au hata mapema zaidi. Watu wengi huamini kwamba mbwa mwenye maumivu ya jino ataacha kula. Haachi. Njaa humshinda. Anachobadilisha ni namna ya kula: anahamishia chakula upande mwingine, anaangusha kipande na kukiokota tena, anameza bila kutafuna, anakwepa cha moto au kigumu. Mambo hayo huonwa na anayeweka sahani chini na kubaki pale akitazama, si na anayelipa gharama za matibabu.

Nilimpa dawa ya kumtuliza, akalala, nikauinua mdomo wa juu. Harufu ilitutoa wote nyuma hatua moja. Meno yalikuwa ya kahawia.

"Hayo ni maji yetu," Mzee akasema, akanionyesha ya kwake. "Sisi sote wa huku tuko hivyo."

Hoja yake ina msingi, na nitasimama hapo kidogo kwa sababu huku kwetu inawapotosha wengi. Maji ya chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Meru yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua akiyanywa huota meno yenye mabaka ya kahawia. Mbwa naye anaweza kupata hali hiyo. Lakini floraidi huliharibu jino linapotengenezwa, likiwa bado ndani ya taya. Meno ya ukubwani ya mbwa huwa yameota yote akifika miezi 6 au 7. Jeki alifika Arusha akiwa na mwaka mzima, meno yake yameshakamilika huko Tanga. Maji ya Meru yalimkuta amechelewa kuchafuliwa. Isitoshe, baka la floraidi limo ndani ya jino, halitoki hata ukisugua mpaka kesho. Nilibana kwa ukucha wa dole gumba ukingoni mwa ufizi, kipande kikabanduka kama plasta ya ukuta mkuukuu, na chini yake jino likawa jeupe. Huo ni ugaga.

Ugaga huanza kama ukoga, ule utando laini unaorudi kwenye jino saa chache tu baada ya kusafishwa. Usipoondolewa, madini ya mate huanza kuugandisha ndani ya siku mbili tatu, na ukishakuwa jiwe hautoki kwa mswaki. Mate ya mbwa yana ualikali zaidi ya yetu. Ndiyo maana meno ya mbwa hayatoboki ovyo kama ya watoto wetu wapenda pipi, lakini hujenga ugaga kwa kasi. Mbwa wengi wakifika miaka mitatu huwa tayari na dalili fulani za ugonjwa wa ufizi. Na jiwe lenyewe silo linalouma. Ubaya wake ni kwamba uso wake wenye mikwaruzo hushikilia vijidudu na kuvisogeza chini ya ufizi, ambako huula mfupa unaoshikilia jino.

Kwa hiyo ugaga kwa mbwa wa miaka 6 asiyewahi kupigwa mswaki ni jambo la kutarajiwa. Kilichonishtua ni kwamba haukulingana. Upande wa kulia ulikuwa mwembamba, mstari tu juu ya ufizi. Upande wa kushoto magego yalikuwa yamefunikwa kama yamepakwa saruji. Mdomo mmoja, chakula kimoja, mate yaleyale. Tofauti ya namna hiyo hutokea mbwa anapoacha kutumia upande mmoja: upande unaotafuna hujisugua, upande uliosusiwa huota jiwe. Ule ugaga ulikuwa umeandika yaleyale aliyonieleza kijana dakika kumi kabla, na ningeweza kuusoma tangu Mei.

Niliukwangua polepole. Chini yake lilikuwepo gego kubwa la juu, la nne kutoka kwenye chonge, ambalo sisi huliandika 208: 2 kwa upande wa juu kushoto, 08 kwa kuwa ni la nane kuhesabu kutoka katikati ya mdomo. Ubavu wake wa nje haukuwepo. Ulikuwa umebanduka kipande kimoja bapa, kama kigae kilichogongwa ukingoni, na katikati ya jeraha kulikuwa na doa jeusi, tundu la kuingilia kwenye kiini, sehemu laini ya ndani ya jino yenye damu na mishipa ya fahamu.

Mbwa mzima ana meno 42. Kati ya hayo, yanayofanya kazi ngumu kuliko yote ni haya ya 08 ya juu na wenzao wa chini, gego la kwanza la nyuma kila upande. Hukutana kama mkasi, la juu likipita nje ya la chini. Mkasi umeumbiwa kukata nyama na mifupa laini. Ukiupa mfupa wa paja la ng'ombe, ambao ni mgumu na haubonyei, kitakachoachia kwanza ni ubavu wa jino la juu. Jino hilo lina mizizi mitatu, na ncha za mizizi hiyo zimelala ndani ya taya chini kidogo ya jicho. Vijidudu hupenya kwenye tundu, kiini kinakufa, usaha hukusanyika nchani mwa mzizi, hutoboa mfupa mwembamba wa hapo na kutokea kwenye ngozi ya shavu. Mtu akitazama kwa nje anaona jicho.

Mzee alilitazama jino muda mrefu. "Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema, kisha akaniuliza swali lililomuuma: hiyo mifupa si ndiyo aliambiwa inasafisha meno?

Sikumjibu kwa mkato, maana aliyemwambia hakudanganya kabisa. Mbwa anayetafuna mifupa hukwangua ugaga kweli, na upande wa kulia wa Jeki ulikuwa ushahidi. Ila ni sawa na kusugua sufuria kwa tindo: uchafu unatoka, siku moja sufuria nayo inatoboka. Kipimo ninachowapa watu ni cha ukucha. Kitu cha kutafuna kikikataa kubonyea hata kidogo ukikibana kwa ukucha wa dole gumba, ni kigumu mno kwa jino. Mfupa wa paja, pembe, kwato iliyokauka na jiwe vyote vinaangukia hapo. Mifupa iliyopikwa ina ubaya wa ziada, hupasuka vipande vyenye ncha vikachoma utumbo.

Nikiwa bado mdomoni niliona jambo jingine. Chonge zote nne zilikuwa zimelika kwa nyuma, si kwa mbele. Ulikaji huo ni wa mbwa anayeng'ata wavu wa banda na kuuvuta kwa hasira, kutwa nzima. Hazikuwa zimefunguka kiini, lakini chonge iliyolika namna hiyo huvunjika kirahisi. Mzee alisema kweli, barabara inapita mbele ya banda na Jeki huugombania wavu kila bodaboda ikipita. Tulikubaliana banda ligeuzwe lielekee uani.

Matibabu yalikuwa ya njia mbili: kuokoa jino kwa kusafisha na kuziba mizizi, au kuling'oa. Ya kwanza inahitaji vifaa na ujuzi nisio nao. Tukaamua kung'oa, lakini si siku ile. Kwanza picha ya eksirei, ambayo tulikwenda kuipiga kwa mwenzangu kwa kuwa kliniki yangu haina mashine. Ilionyesha kivuli cheusi kuzunguka ncha ya mzizi wa nyuma, mahali mfupa ulipoliwa. Pili damu. Jeki alikuwa na kupe masikioni, na huku kwetu kupe wa mbwa hueneza ugonjwa wa ehrlichia, unaopunguza chembe za kugandisha damu. Kumng'oa jino la mizizi mitatu mbwa ambaye damu yake haigandi ni kujitafutia msiba. Nilitazama slaidi ya damu kwa hadubini, chembe zilikuwa za kutosha. Nikampangia siku.

Siku ya kazi tulimlaza kwa nusu kaputi, mpira wa kupitishia hewa kooni ili maji na vipande vya ugaga visiingie mapafuni, na sindano ya ganzi ya lignokeni kwenye mshipa wa fahamu wa taya ya juu, ili hata usingizi ukipungua jino lisimuume. Hapa nataka niseme neno kuhusu wanaokwangua meno ya mbwa akiwa macho, huduma ambayo siku hizi inatangazwa mijini. WSAVA, shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa wanyama wa nyumbani, katika mwongozo wake wa meno wa mwaka 2020 inaipinga, nami nakubaliana nayo. Unachokwangua kwa mbwa aliye macho ni kile kinachoonekana. Kilicho chini ya ufizi kinabaki, mbwa anafunzwa kuogopa mkono, na mwenye mbwa anarudi nyumbani na meno meupe yenye ugonjwa. Jeki angesafishwa hivyo, 208 ingeng'aa na usaha ungeendelea kutoka.

Jino la mizizi mitatu halivutwi likatoka zima. Mizizi imetanuka kama miguu ya kigoda, ukivuta kwa nguvu unavunja taya au unaacha ncha ndani. Unafungua ufizi, unalikata jino kwa keekee ya meno vipande vitatu, kila kipande na mzizi wake, kisha unalegeza kimoja kimoja kwa subira. Viwili vilitoka bila ugomvi. Mzizi wa nyuma, wenye ugonjwa, ulikatika ncha, na ncha ikabaki shimoni. Ningeweza kuiacha na kufunga. Pengine uvimbe wa nne ungekuja Desemba. Niliitafuta kwa dakika arobaini hivi. Ilipotoka, nilisukuma maji ya chumvi ya dripu kwa bomba la sindano kupitia tundu la shavuni, yakatiririka kutokea kwenye shimo la jino. Nilimwita kijana aje aone: mlango mmoja usoni, mwingine mdomoni, na njia moja kati yake.

Nilisafisha meno yaliyobaki kwa mashine ya mtetemo, nikapima kina cha nafasi iliyo kati ya ufizi na jino, kuzunguka kila jino. Kwa mbwa, kina hadi milimita 3 si tatizo. Jeki alikuwa na sehemu mbili za milimita 5, zote upande wa kushoto. Ufizi nikaushona kwa uzi unaoyeyuka. Tundu la shavuni sikulishona wala kulipaka chochote. Lilifunga lenyewe siku ya tisa na mpaka leo halijafunguka.

Alirudi nyumbani na amoksisilini yenye klavulanati, meloksikamu ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, na maagizo ya ugali laini wa mchuzi kwa wiki mbili. Na onyo: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu. Nimeshapokea mbwa waliotapika damu kwa huruma ya namna hiyo. Gharama yote ilikaribia bei ya mbuzi mzuri wa sikukuu, na Mzee alipiga hesabu mbele yangu: sindano za Machi, za Mei, nauli na dawa za macho zilikuwa zimeshakula nusu mbuzi.

Siku ya 14 kijana alinieleza kwamba Jeki amerudia kuchezea tairi kuukuu uani, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka uliotangulia. Wao walidhani amekua, ameacha utoto.

Ilibaki kazi ya kila siku, na hapo ndipo Mzee alipokuja na orodha yake. Mkaa? Unakwaruza. Chumvi? Mbwa hatemi, atameza yote. Dawa ya meno ya dukani? Hiyo kabisa hapana, kwa sababu hiyohiyo ya kumeza, na baadhi zina ksilitoli, sukari ya bandia inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kumuua ini. Mti wa mswaki? Nilicheka, lakini wazo la kusugua ni sahihi. Kinachoondoa ukoga ni msuguano, dawa ni ladha tu. Tulianza na kitambaa cha shashi kilichozungushwa kidoleni na kuchovywa kwenye mchuzi wa dagaa, kugusa chonge tu, sekunde chache, kisha apewe kipande cha nyama. Wiki ya tatu kijana alifika kwenye magego. Ya sita akaingiza mswaki laini wa mtoto. Hasugui upande wa ndani. Ulimi hufanya kazi kubwa huko, na nje ndiko ugaga hujaa, hasa kwenye magego ya juu, ambako tezi kubwa ya mate inamwagia. Hufanya hivyo jioni kabla hajamfungua, na Jeki amejua kwamba hakuna kufunguliwa bila mswaki. Kila siku ndiyo inayotakiwa. Kijana alikuwa anafika siku nne kwa wiki, nami nikaridhika.

Januari yule kijana alipata kazi nyingine akaondoka. Mlinzi mpya anamwogopa Jeki, haki yake. Mswaki ukasimama wiki saba, na nilipomwona Machi ugaga ulikuwa umeanza tena juu ya ufizi wa kulia, mstari wa rangi ya chai. Kushoto chini, gego la 309 limebaki bila mwenzake wa kusuguana naye, nalo ndilo lililochafuka kuliko yote. Mzee ameamua kuufanya mswaki yeye mwenyewe, amekaa kwenye kigoda cha kukamulia maziwa, Jeki kati ya magoti yake. Nimemwekea usafi mwingine wa nusu kaputi mwezi Septemba, na 309 nimeizungushia wino mwekundu kwenye mchoro wa meno ulio ukurasa wa kwanza wa faili lake. Mchoro huo haukuwepo Mei.